Matengenezo ya seva hufuata maji mafu

Mafunzo ya kazi yetu yanasema ukitaka kuzima seva, yaani kompyuta inayoendesha tovuti, izime saa tisa ya usiku, kwa kuwa saa hiyo watu wamelala. Sijui ni watu gani hao. Wiki ya bamvua, maji yanapojaa na kupwa sana, saa tisa ya usiku, huku Amu, yaani Lamu, kuna abiria waliokwisha kufunga mizigo, kuna mama anayemwamsha mtoto, na kuna nahodha anayefungua simu kutazama orodha ya watu wake kabla maji hayajaanza kupwa.

Nieleze kwanza ninachokitunza. Ni mfumo wa kukatia tiketi za boti: zile zinazovusha watu baina ya Mokowe, ambako mabasi ya Mombasa na Malindi yanaishia, na mji wa Amu, na zile za safari ndefu zinazokwenda kisiwa cha Pate, yaani Mtangawanda, Faza na Kizingitini. Ni ukurasa wa tovuti tu, unafunguka hata kwenye simu ya bei ndogo. Abiria wanajikatia, wenye nyumba za wageni kule Shela wanawakatia wageni wao, na manahodha wanapakua orodha ya abiria kabla ya kung'oa nanga. Seva iko Ulaya, mimi niko Mkomani, hapa Amu.

Boti za Pate hupita Mkanda, ule mlango mwembamba baina ya Manda na bara, na Mkanda haupitiki vizuri ila maji yakiwa yamejaa. Maji hujaa mara mbili kwa siku, na kila siku huchelewa kama dakika 50 kuliko jana yake. Ratiba ya boti inafuata maji, na wakataji tiketi wanafuata ratiba. Ukizipanga logi za seva, yaani kumbukumbu za nani aliingia saa ngapi, siku chini ya siku, unaona wazi kwamba saa ya msongamano haikai mahali pamoja. Inasogea mbele kidogo kila siku, mwendo uleule wa bahari. Programu za kupimia hupiga wastani wa mwezi mzima, halafu zinakwambia saa tisa usiku hakuna mtu. Wastani huo umechanganya bamvua na maji mafu, yale yanayojaa na kupwa kidogo, ndani ya chungu kimoja, na saa unayopewa haifai kwa lolote kati ya hayo mawili.

Bamvua, mwezi ukiandama au ukiwa mpevu, maji ya pwani yetu hujaa karibu na saa kumi, alfajiri na alasiri. Kwa hiyo usiku wa manane ndio wakati wa pilikapilika. Maji mafu, mwezi ukiwa nusu, yanajaa kwenye saa nne hivi, asubuhi na usiku. Anayesafiri asubuhi ameshakata tiketi yake jioni, amelala, na saa nane ya usiku mfumo hauna mtu kweli. Hapo ndipo ninapofanyia kazi yangu. Wenzangu wa Nairobi nikiwaambia kwamba ratiba yangu ya matengenezo inategemea mwezi, wanadhani nafanya mzaha.

Ramadhani ina hesabu yake. Baada ya tarawehe watu hawaachi simu mpaka daku, na ukizima mfumo saa tisa utapata malalamiko hujamaliza hata kuandika amri. Mwezi huo nazima asubuhi, watu wakiwa wamerudi kulala, siku ambayo maji ya asubuhi hayana safari. Na wiki ya Maulidi, Mfungo Sita, siguzi kitu. Wageni wanaingia kutoka kila upande kwa ajili ya Maulidi ya Riyadha, na hata kama hifadhidata inalia, italia mpaka waondoke.

Ukishapata saa, kuna kazi ya kuiandika ieleweke. Nahodha mmoja wa Kizingitini, mtu mzima, alinionyesha ujumbe wa huduma nyingine kabisa, siitaji, uliosema kwamba huduma itasimama "saa 2:00 usiku".

"Mwanangu, saa mbili hii ni ya isha au ni usiku wa manane?"

"Ni saa nane, ami. Wameandika saa ya kwenye simu."

"Basi si waseme nane."

Najua ilivyotokea. Aliyeandika mfumo ule alitengeneza sentensi moja yenye pengo, mashine ikajaza pengo kwa 2:00, na neno "saa" lilikuwa tayari limekaa mbele. Kivinjari ukikiambia kiandike tarehe kwa Kiswahili kitakupa Jumatano na Mei bila tatizo, ila hesabu ya saa itabaki ileile ya Kizungu. Kubadilisha unabadilisha mwenyewe: chukua saa ya mashine, ongeza 6, gawa kwa 12, shika kinachobaki, kikibaki sifuri andika 12. Saa 02:00 inakuwa nane, 22:00 inakuwa nne. Ni mstari mmoja wa programu. Mimi naandika zote mbili, saa nane usiku na pembeni 02:00, kwa sababu dada anayeshughulikia wageni Shela atamsomea mgeni wake ya pili na nahodha atasoma ya kwanza.

Ugumu zaidi uko kwenye siku. Kwa wazee wetu siku inaanza jua likizama, kwa hiyo usiku wa Ijumaa ni ule wa Alhamisi baada ya magharibi, usiku wa nyiradi. Kijana aliyelelewa na kalenda ya simu akiambiwa usiku wa Ijumaa anangojea Ijumaa baada ya isha. Hapo mmeachana kwa saa 24 nzima, na kila mmoja ana haki. Ndiyo maana kila tangazo langu linasema "usiku wa kuamkia" siku fulani. Sijawahi kuona mzee na kijana wakigombana juu ya kuamkia.

Halafu kuna saa ya seva yenyewe, ambayo ni UTC, saa ya kimataifa. Sisi tuko mbele yake kwa saa tatu mwaka mzima. Hatusogezi saa mwezi Machi na Oktoba kama Ulaya. Kampuni inayotukodisha seva nayo ina matengenezo yake, na barua zake husema, kwa mfano, 02:00 UTC. Hiyo kwetu ni saa kumi na moja alfajiri. Nikiipeleka barua hiyo ilivyo kwa wenye boti nitakuwa nimewapelekea fumbo, kwa hiyo naisoma mimi, naigeuza, nalinganisha na jedwali la maji, na ikiangukia bamvua nawaandikia kampuni kuomba siku nyingine. Mara nyingine wanakubali.

Sasa maneno ya tangazo. Kuna sentensi ambayo ningependa ifutwe kwenye kila kompyuta: "Samahani kwa usumbufu wowote utakaojitokeza." Anayeisoma hajui usumbufu gani, utamkuta nani, na afanye nini. Pacha wake ni "huduma haitapatikana kwa muda". Muda gani? Na habari ya kwamba tunaboresha hifadhidata ili kukuhudumia vyema zaidi haimsaidii mtu aliye na mzigo wa samaki kwenye barafu. Anachotaka kujua ni kama tiketi yake ya asubuhi iko salama, na kama kuna jambo la kufanya leo. Wengi hawana la kufanya, na hao hata ujumbe siwatumii. Bango kwenye ukurasa linawatosha. Nahodha ana la kufanya: apakue orodha mapema, ikae ndani ya simu yake hata seva ikiwa imezimwa. Kwa hiyo ujumbe wake ulikuwa hivi:

"Usiku wa kuamkia Jumatano 21/5, saa 8 hadi saa 9 (02:00-03:00), tiketi hazitakatwa. Nahodha, pakua orodha ya abiria kabla ya saa 6 usiku."

Haufiki herufi 160, na hilo nalihesabia kwa sababu ya pesa. Ujumbe mfupi wa simu ukitumia alfabeti ya kawaida ya mtandao unabeba herufi 160. Ukiingiza alama moja tu isiyokuwemo kwenye alfabeti hiyo, ujumbe wote unabadilishwa usimbaji na nafasi zinashuka hadi 70. Sisi Waswahili tuna mtego wetu hapo: ng'. Kile kikoma cha juu kikiwa kimenyooka, hakuna neno. Lakini ukiandika tangazo kwenye programu ya kuandikia barua, inakipinda iwe cha mapambo, na kilichopinda hakimo kwenye alfabeti ile. Neno moja, ng'ambo, linakulipisha ujumbe mara mbili au tatu kwa kila nahodha. Programu yangu inanyoosha vikoma vyote kabla ya kutuma. Mhasibu wetu hajui kwa nini gharama ya ujumbe ilishuka, na sijapata nafasi ya kumweleza.

Kwa wazee wasiopenda kusoma, naweka ujumbe wa sauti kwenye kundi la WhatsApp la manahodha. Sekunde 20, jina la siku, saa, na neno orodha mara mbili. Unasikilizwa kuliko maandishi yoyote.

Bango la juu ya ukurasa nalo lina kasoro ambayo waandishi wengi wa programu hawaifikirii. Ni kama karatasi iliyobandikwa mlangoni pa msikiti: anaiona anayeingia, aliyekwisha kukaa ndani hana habari. Mtu aliyefungua ukurasa saa moja kabla hujaweka bango, akauacha wazi akaenda kuswali, haoni bango lolote mpaka ukurasa upakiwe upya. Na simu zilizohifadhi ukurasa ili ufunguke haraka bila mtandao zinaweza kuonyesha ule wa juzi. Dawa yangu ni faili dogo sana lenye mambo matatu tu: saa ya kuanza, saa ya kumaliza, na maneno. Kila ukurasa uliofunguliwa unakwenda kulitazama kila baada ya dakika mbili, na likiwa na kitu, bango linatokea lenyewe. Faili hilo haliko kwenye seva ninayoizima. Liko kwa mtoa huduma mwingine, pamoja na ukurasa wa "tumefunga", maana tangazo la kuzima seva likikaa ndani ya seva hiyohiyo litazimika nayo, na mtu atabaki anaangalia ukurasa mweupe.

Robo saa kabla ya kuzima, bango linabadilika rangi na kuhesabu dakika. Kwa wale wa Shela wanaojaza majina ya kundi zima la wageni na nambari zao za pasipoti, kila wanachoandika kinahifadhiwa kwenye kivinjari chao papo hapo, ili tukirudi wakute fomu ilivyokuwa. Kumwambia mtu "hifadhi kazi yako" wakati ukurasa wako hauna mahali pa kuihifadhi ni kumcheza shere.

Tuje kwenye fedha. Abiria akibonyeza kulipa, seva yetu inapeleka ombi M-Pesa kupitia Daraja, njia ya Safaricom ya kuunganisha programu na M-Pesa, dirisha la PIN linachomoza kwenye simu yake, anaiweka, pesa zinakatwa. Mpaka hapo sisi hatujui kitu. Kisha M-Pesa inaleta jibu kwenye anwani tuliyowapa: huyu amelipa, nambari ya muamala hii hapa. Ndipo tiketi inapotoka. Baina ya PIN na jibu kuna sekunde kadhaa, na seva ikizimwa ndani ya sekunde hizo, abiria ana ujumbe wa M-Pesa, pesa zimetoka, tiketi hana. Jibu likikuta mlango umefungwa, usitegemee kwamba litarudi kubisha tena. Hakuna samahani ya kumpa mtu ambaye nauli yake ya mwisho imeingia kwako na boti inaondoka.

Kwa sababu hiyo matengenezo yangu yana nyakati mbili ndani yake, wa kufunga malipo na wa kuzima seva, na wa kwanza uko dakika 15 kabla ya wa pili. Ukurasa unabaki wazi, ratiba inasomeka, tiketi iliyokwisha kukatwa inapakuliwa. Kitufe cha kulipa tu ndicho kinachogeuka kijivu, na chini yake kumeandikwa saa kitakapowaka tena. Niliulizwa na kijana mmoja kwa nini 15 na dirisha la PIN lenyewe halikai hata dakika mbili. Kwa sababu kuna anayebonyeza, PIN inakataa, anabonyeza tena, mtandao unayumba, anamwita mwanawe amsaidie. Sitaki kuzima juu ya kichwa chake.

Seva ikishawaka, kitufe hakifunguliwi mara moja. Kwanza inapita programu ndogo inayokusanya malipo yote yaliyobaki kwenye hali ya kusubiri na kuiuliza Daraja, moja baada ya moja, muamala huu uliishia wapi. Njia ya kuuliza ipo. Yaliyokamilika yanapewa tiketi, na mwenyewe anapata ujumbe. Yaliyoshindikana yanafutwa. Hesabu ya siku ikikubaliana na ya M-Pesa, ndipo nafungua.

Mitambo ya utafutaji nayo ni wageni wanaostahili kuambiwa, ingawa hawasomi Kiswahili chetu. Ukurasa wa "tumefunga" lazima utoke na msimbo 503, unaomaanisha huduma haipo kwa sasa, pamoja na Retry-After inayosema warudi baada ya sekunde ngapi. Ukitoka na 200, kwa lugha ya mashine umesema huu ndio ukurasa wetu wa siku zote, na Google inaweza kuuweka kwenye matokeo yake hivyohivyo. Anayetumia Laravel, mfumo wa kutengenezea tovuti kwa lugha ya PHP, ana amri ya php artisan down inayofanya haya ukiipa --retry, na kwa --secret unapata mlango wako wa siri wa kuingilia kukagua kabla ya wengine.

Vijana huniambia mambo haya ya kutangaza yamepitwa, siku hizi unaweka seva mbili, unahamisha watu kutoka moja kwenda nyingine, hakuna anayejua. Kwa programu yenyewe nafanya hivyo, na hilo silitangazi. Hifadhidata ni habari nyingine. Watengenezaji wa PostgreSQL, programu ya hifadhidata, hutunza kila toleo kubwa kwa miaka 5 kisha wanaliacha. Toleo la 12 waliliacha Novemba 2024, na aliyebaki nalo hapati tena viraka vya usalama. Kupanda toleo kwa hifadhidata ndogo kama yangu ni kazi ya dakika chache, na kununua seva ya pili ya hifadhidata ili kuzificha dakika hizo ni kumlipisha abiria wa Faza kwa ajili ya fahari yangu. Natangaza muda wa saa moja. Nikimaliza kwa robo saa hakuna aliyewahi kunigombeza kwa kuwahi.

Kuna siku huna wiki ya kutangaza. Desemba 2021, kasoro ya usalama ya Log4j, kipande kinachotumika ndani ya programu nyingi za Java, ilipojulikana, waliokuwa na programu za Java hawakungoja maji mafu. Siku kama hiyo unazima kwanza, ila kundi la manahodha linapata sauti yangu dakika tano kabla, na orodha za abiria wa safari inayofuata nazituma mwenyewe kwa kila mmoja wao.

Kazi ikizidi saa iliyotangazwa, nasema kabla saa hiyo haijafika, na nasema saa mpya, moja tu, ya mbali kidogo. Kusogeza dakika kumi kumi ni kuwafanya watu wakae macho bure. Ikiisha, manahodha wanapata neno: tiketi zinakatwa. Bango linaondoka lenyewe, kwa kuwa lile faili dogo lina saa ya kumaliza, na saa ikipita kila ukurasa unalipuuza. Nimeona tovuti zinazotangaza matengenezo ya mwaka juzi.

Kinachonishughulisha sasa ni jedwali la maji. Bado naliingiza kwa mkono kutoka lile la mamlaka ya bandari, mwezi kwa mwezi, ili programu inipendekezee yenyewe usiku wa kuzima. Nahodha wa Kizingitini amenitazamia mapendekezo ya miezi inayokuja, akafuta mawili. La kwanza alisema ni siku ya harusi Faza, boti zote zimekodiwa. La pili hakutoa sababu, na nimelifuta vilevile.